Kibodi Huanzia Darasa la Kwanza

Nilikwenda Kariakoo kununua chaja, nikamkuta mwenye duka, dada wa Kichina, yuko katikati ya mazungumzo na mtu wa kwao. Sikuwa na haraka. Nikaegemea kaunta nikawa natazama kidole gumba chake. Kikagusa d, kikagusa s, kikagusa q. Basi. Konsonanti tatu za Kilatini, irabu hata moja hakuna, na juu ya kibodi maneno ya Kichina yakajipanga foleni. Akagusa la kwanza, ujumbe ukaondoka.

Kijana anayemsaidia pale dukani akaniona nimeduwaa. "Kaka, hapo kauliza bei gani tu. Hilo hata mimi nalijua." Na kweli, "bei gani" kwa Kichina ni duoshao qian, na d, s, q ni vichwa vya silabi zake tatu. Simu ilibahatisha kilichobaki, ikapatia.

Ile d-s-q haijanitoka kichwani. Sisi tuliokulia kwenye abjadi tunaamini kitufe ni herufi: ukibonyeza k, inatoka k, na isipotoka unapeleka kibodi kwa fundi. Kwa dada yule kitufe ni dokezo. Yeye anadokeza, mashine inapendekeza, yeye anachagua. Mazungumzo hayo madogo hurudiwa kwa kila neno, kutwa nzima, na yeye wala hayaoni tena, kama sisi tusivyoona tunavyopumua.

Hesabu inaeleza kwa nini ni lazima iwe hivyo. Kamusi ya mfalme Kangxi, iliyokamilika mwaka 1716, ina herufi zaidi ya 47,000. Hakuna binadamu anayezijua zote. Nyingi ni mabaki ya vitabu vya kale na majina ya watu waliokwisha kufa. Orodha rasmi ya serikali ya China ya mwaka 2013 ilizichuja zikabaki 8,105, na kati ya hizo 3,500 ndizo za matumizi ya kila siku. Kibodi ya kompyuta ina vitufe mia moja hivi, na wenyewe wanataka pia nafasi ya kufuta na ya kuruka mstari. Kwa hiyo, tangu mashine ya kwanza, swali limekuwa lile lile: hizo 3,500 zitapitishwaje kwenye mlango wa watu mia?

Wahandisi kwa miaka mia moja wamelijibu swali hilo kama fumbo la akili, na wamelijibu kwa werevu wa ajabu. Mimi naona wengi wao walikuwa wakitafuta mahali pasipo. Kibodi iliyoshinda haikuwa ya kasi zaidi wala ya werevu zaidi. Ilishinda ile iliyoegemea kitu ambacho mtu alikuwa nacho tayari kichwani kabla hajaiona mashine, na kitu hicho kiliwekwa na mwalimu wa darasa la kwanza.

Tuanze na mashine za chuma, maana zina utamu wake. Tukisikia herufi makumi elfu tunawaza kibodi pana kama meza ya kulia, na upana huo kuna wakati ulikuwepo kweli, ila si wa kibodi. Mashine ya chapa ya Kichina iliyoingia sokoni Shanghai mwishoni mwa muongo wa 1910 kupitia kampuni ya Commercial Press haikuwa na kibodi kabisa. Ilikuwa na trei pana yenye vipande vya chuma karibu 2,500, kila kimoja na herufi yake, kimelala kwenye kitundu chake. Karani alisogeza mkono wa mashine juu ya trei, akailenga herufi, akabonyeza. Mkono ukakinyanyua kipande, ukakigongesha kwenye karatasi, ukakirudisha kitandani. Kisha herufi inayofuata, labda iko pembe ya pili ya trei.

Ramani yote ile karani aliibeba kichwani. Na hapa pana jambo linalonifurahisha kuliko mengine yote katika historia hii. Trei zilipangwa kama kamusi zinavyopangwa, lakini kufika miaka ya 1950 makarani wenyewe, si wahandisi, walianza kuzipangua. Waliona kwamba herufi zina marafiki: hii ikija, ile haiko mbali. Wakahamisha vipande, wakaweka jirani zile zinazoandamana katika maneno na misemo ya siku zile, hasa ya siasa, maana ndiyo yaliyochapwa zaidi. Mkono ukawa unatembea sentimita mbili mahali ulipokuwa ukitembea trei nzima. Simu yako inapokupendekezea neno linalofuata inafanya kazi ya wale makarani. Tofauti ni kwamba wao waliifanya kwa koleo na vipande vya chuma.

Kisha akaja Lin Yutang. Huyu alikuwa mwandishi, mzaliwa wa Fujian mwaka 1895, ambaye vitabu vyake vya Kiingereza vilimpa jina kubwa na fedha nyingi Marekani katika miaka ya 1930. Fedha hizo, pamoja na za kukopa, jumla kama dola 120,000, alizimwaga zote kwenye mashine moja. Aliiita MingKwai, yaani iliyo wazi na ya haraka, na ilikamilika New York mwaka 1947. Ukiiona picha yake utadhani ni mashine ya chapa ya kawaida ya ofisini. Ilikuwa na vitufe 72 tu. Ukibonyeza kitufe hakitoki kitu kwenye karatasi, na hapo ndipo palipokuwa na akili yake.

Lin aliitazama herufi ya Kichina kama mtu anavyomtambua jamaa yake kwenye umati kwa kofia na viatu. Vitufe 36 vilikuwa vya umbo la juu la herufi, 28 vya umbo la chini. Unabonyeza kofia, unabonyeza viatu, na mitambo ya ndani inazunguka mpaka kwenye kijidirisha kidogo, alichokiita jicho la ajabu, zinatokea herufi zisizozidi nane zenye kofia ile na viatu vile. Unasoma, unachagua yako kwa kubonyeza kimojawapo cha vitufe nane vya namba, na hiyo ndiyo inayogonga karatasi. Bonyeza mara tatu, herufi moja. Ni ile ile d-s-q ya Kariakoo, ila ya chuma, miaka mingi kabla mtu hajaota simu ya mkononi.

Siku ya kuionyesha kwa wakubwa wa kampuni ya Remington, bintiye Lin alikaa kwenye mashine, akabonyeza, mashine ikagoma. Wale mabwana wakaondoka na adabu zao. Fundi aliirekebisha baadaye na waandishi wa habari wakaiona ikifanya kazi, kampuni ya Mergenthaler Linotype ikachukua haki zake, lakini China ilikuwa vitani yenyewe kwa yenyewe na hakuna aliyejua soko litakuwa mikononi mwa nani. Haikuingia kiwandani. Mashine yenyewe, maana iliundwa moja tu, ikapotea, watu wakaamini imetupwa. Mwanzoni mwa 2025 ikaibuka kwenye chumba cha chini cha nyumba moja katika jimbo la New York, na sasa iko Chuo Kikuu cha Stanford.

Huwa inahadithiwa kama mkasa wa fundi aliyeonewa na majira. Nakubali nusu. Ila hata majira yangemnyookea, mtumiaji wake angelazimika kujifunza kofia 36 na viatu 28 vilivyobuniwa na Lin Yutang kwa ajili ya mashine ya Lin Yutang. Hakuna shule iliyovifundisha. Mtoto wa Kichina hujifunza herufi kwa kuifuata mkwaju baada ya mkwaju, yaani mchoro mmoja mmoja wa kalamu, na kila mkwaju una zamu yake. Hafundishwi kuikata kiunoni.

Kompyuta zilipofika kosa hilo lilirudiwa kwa wingi. Miaka ya 1980 zilibuniwa njia nyingi mno za kuingiza Kichina kwenye kompyuta, hata watu wakaupa wakati ule jina la utani: wan ma bentang, misimbo elfu kumi yatimua mbio. Ni mchezo wa maneno. Msemo wa asili unasema farasi elfu kumi watimua mbio, na farasi na msimbo kwa Kichina yote hutamkwa ma, kwa toni ile ile, yaani kwa kupanda na kushuka kule kule kwa sauti. Ishike hiyo, tutairudia.

Mshindi wa mbio hizo alikuwa Wang Yongmin wa Henan, aliyetoa njia yake ya Wubi mwaka 1983. Wubi ni mikwaju mitano: aliigawa kibodi ya kawaida katika kanda tano kufuata aina za mikwaju, vitufe 25 kwa jumla, kila kitufe kikabeba kundi la vipande vya herufi. Herufi yoyote hutoka kwa kubonyeza mara nne au pungufu, na mara nyingi hakuna haja ya kuchagua kwenye orodha. Mtu aliyeimudu huandika macho yakiwa kwenye karatasi, vidole vinakimbia vyenyewe. Makarani wa Wubi walikuwa na kasi ya kuogofya. Lakini ili uimudu ulihitaji kukariri mashairi marefu ya vipande, kitufe kwa kitufe, wiki kadhaa, kama mwanafunzi wa chuoni anavyokariri juzuu. Kwa karani ilikuwa faida, ndiyo kazi yake. Kwa mzee anayetaka kumwandikia mjukuu wake ilikuwa mlima.

Ikashindwa na njia ya wavivu. Mwaka 1958 China ilipitisha pinyin, utaratibu wa kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini, ambao Zhou Youguang, mchumi aliyegeuzwa mwanaisimu, huhesabiwa baba yake. (Zhou aliishi miaka 111, akafa Januari 2017, kwa hiyo alishuhudia kazi yake ikiingia mifukoni mwa watu.) Pinyin haikutungwa kwa ajili ya kibodi. Ilikuwa ngazi ya watoto: unajifunza kwanza neno linatamkwaje, halafu unapanda kwenye herufi yenyewe. Kila mtoto wa China bara huanza nayo shuleni. Kompyuta ilipomfikia mtoto huyo alipokuwa mkubwa, kibodi ilikuwa tayari imo kichwani mwake, imekaa ikisubiri.

Kwa kipimo cha mhandisi, pinyin ni njia mbovu. Kichina, ukiacha toni, kina silabi kama 400 tu. Andika shi uone kinachotokea: kumi, jiwe, simba, shairi, wakati, jambo, mji, mwalimu, na kadhalika mpaka uchoke kutelezesha. Farasi na msimbo wamo kapu moja. Miaka ya mwanzo kuandika kwa pinyin kulikuwa kama kumtafuta mtu ukumbini kwa kuita "Juma!" Kilichoiokoa ni kumbukumbu ya mashine. Mashine iliacha kutazama silabi moja moja ikaanza kutazama neno zima, halafu sentensi, halafu kile ambacho wengine wote wanaandika wiki hii. Programu ya Sogou, iliyotoka mwaka 2006, iliazima maneno kutoka kwenye mtambo wa kutafuta mtandaoni, ikawa inajua jina la mwimbaji mpya kabla kamusi haijalisikia. Ubovu wa njia ukafunikwa na wingi wa data.

Ukitaka ushahidi kwamba kilichoamua ni darasa, vuka maji tu. Taiwan wanaandika kwa herufi za Kichina pia, lakini watoto wao hujifunza matamshi kwa alama 37 za zhuyin, ambazo si Kilatini. Kibodi zao zimechongwa alama hizo, na ndizo wanazotumia mpaka leo. Hong Kong watoto wanafundishwa kwa Kikantoni na kwa kawaida hawapewi ngazi ya Kilatini; huko Cangjie, njia ya kukata herufi vipande aliyoibuni Chu Bong-Foo mwaka 1976, imedumu pamoja na toleo lake lililofupishwa, na wazee huchora herufi kwa kidole kwenye kioo. Mitaala mitatu imezaa kibodi tatu, na simu ni zile zile, zimetoka kwenye viwanda vile vile.

Pinyin inamtaka mtu atamke kama Beijing. Watu wengi wa kusini hawatofautishi s na sh, wengine n na l. Kwa hiyo kibodi zikaongezwa swichi ya matamshi ya kubahatisha: iwashe, na mashine itakubali s kwa sh bila kukusuta. Fikiria kibodi ya Kiswahili yenye swichi ya r na l, ili anayeandika "tumekwenda kupiga kula" asipelekwe mezani kwenye pilau. Nacheka, lakini swichi ile ni ubinadamu mkubwa katika uhandisi. Inakiri kwamba kuna watu milioni nyingi ambao darasa liliwafundisha kitu na nyumbani waliongea kingine.

Kila mzigo aliotuliwa mtu umebebwa na mashine, na mashine hubeba kwa bei. Bei ya kwanza ni mkono. Wachina wana msemo wa siku hizi: tibi wangzi, shika kalamu sahau herufi. Mtu aliyesoma mpaka chuo kikuu anaitambua herufi akiiona kwenye orodha, lakini mpe karatasi tupu, mkono unagoma. Mwaka 2013 televisheni ya taifa ilianzisha mashindano ya imla ya watoto, na nchi nzima ikaona aibu pale watu wazima ukumbini walipopewa neno la chura, yule mwenye ngozi ya vinundu aliye kwenye kila hadithi ya watoto, na wengi wakashindwa kuliandika. Anayetumia Wubi huwa hasahau hivyo, maana kila siku vidole vyake vinaichambua herufi. Pinyin inagusa sauti tu, umbo inaliacha.

Bei ya pili haionekani. Ili kibodi ijue watu wanaandika nini wiki hii, lazima iulize mahali, na mahali penyewe ni kompyuta za kampuni. Ile d-s-q inaweza kusafiri mpaka huko kabla maneno hayajatokea kwenye kioo. Aprili 2024 watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walichunguza kibodi za pinyin za kampuni tisa na kukuta nane zina udhaifu uliomwezesha mtu aliyekaa njiani kwenye mtandao kusoma kinachobonyezwa. Walikadiria walioweza kuathirika kufika bilioni moja. Sehemu kubwa ya matundu hayo iliripotiwa na kuzibwa. Ila mpangilio wenyewe uko pale pale: tumezoea kuogopa anayesoma barua zetu, hapa aliye kando yako ni karani anayeiandika.

Sasa tupande Ethiopia, maana huko ni jirani na mambo yamekwenda kinyume, au karibu kinyume.

Mwalimu wetu wa darasa la kwanza alituimbisha ba, be, bi, bo, bu. Mtoto wa Ethiopia anaimbishwa vivyo hivyo, ila kila silabi ya wimbo ule ina herufi yake. Mbele ya darasa inaning'inia chati ya fideli, yaani herufi zao za silabi: mistari 33 ya konsonanti, safu saba za irabu, jumla 231, kabla hujahesabu za ziada. Herufi za mstari mmoja zinafanana kama ndugu. Mmoja kaongezewa mguu, mwingine kapindwa mkono.

Miaka ya 1930 mhandisi Ayana Birru alitengeneza mashine ya chapa ya Kiamhari kwa kuzivunja herufi vipande, shina kitufe kimoja, irabu kitufe kingine. Ilifanya kazi, na maandishi yake yalionekana kama viti vilivyoungwa na fundi mwenye haraka. Kompyuta zilipokuja, kila muuza programu alikuja na fonti zake na misimbo yake, waraka wa ofisi hii ukifunguliwa ofisi ile unageuka takataka. Unicode, orodha ya kimataifa ya misimbo ya herufi, iliposajili mwandiko huo mwaka 1999, ugomvi wa misimbo ulianza kupoa, ukabaki ugomvi wa vidole.

Njia iliyoshika kwenye kompyuta ni ya kuandika sauti kwa Kilatini. Tuiandike salamu yao, selam, inayoandikwa kwa herufi tatu: ሰላም. Bonyeza s, inatokea ስ, s kavu isiyo na irabu. Bonyeza e, ile ስ inajibadilisha palepale ikawa ሰ. Bonyeza l, inakuja ል. Bonyeza a, inakunjua mguu ikawa ላ. Malizia m, ም. Vitufe vitano, herufi tatu, na hakuna orodha ya kuchagua. Ukilitazama likijiandika utadhani herufi zina uhai.

Lakini njia hii haikutoka kwenye ile chati ya ukutani. Ilitoka kwa watu waliokuwa na kompyuta mapema, wengi wao ughaibuni au maofisini, wenye kibodi ya Kiingereza mbele yao na Kiingereza kichwani. Na imemwacha mtu mmoja nje. Kiamhari kina s mbili zinazotamkwa sawa leo lakini zina herufi mbili tofauti, na watoto huzitaja kwa majina: ሰ ni isatu se, se ya moto, ሠ ni nigusu se, se ya mfalme, kwa kuwa neno nigus, mfalme, huandikwa kwa hiyo. Kibodi ya sauti haiwezi kusikia tofauti ya moto na mfalme. Ukibonyeza s unapewa ya moto. Ya mfalme ipo, kwa kubonyeza mara mbili au kwa alama ya ziada kutegemea programu, na mtu mwenye haraka habonyezi mara mbili. Basi mfalme anaandikwa kwa se ya moto kila siku, na anayeandika anajua, na anaendelea. Wapo wanaosema afadhali, herufi pacha zipunguzwe. Huenda. Ila uamuzi wa aina hiyo ungepaswa kufanywa na watu wanaoipenda lugha wakiwa wamekaa mezani, na hapa umefanywa na uvivu wa kidole.

Simu ndiyo iliyonirudishia imani. Zipo kibodi za simu za Kiamhari na Kitigrinya zinazoonyesha konsonanti mama tu. Ukigusa mmoja, ndugu zake saba wanajipanga juu, kwa utaratibu ule ule wa wimbo wa darasani. Mtu asiyejua hata neno moja la Kiingereza anaweza kuandika. Chati ya ukutani imeingia mfukoni. Kioo hakina vitufe vya kuchongwa, kwa hiyo hakimlazimishi mtu kuzaliwa na Kilatini.

Wapo watakaosema yote haya ni ya muda, sauti itamaliza kazi, tutaiambia simu nayo itaandika. Labda kwa Kichina cha Beijing. Mashine ya kusikia nayo imefundishwa na mtu, na ilifundishwa matamshi ya darasa fulani.

Tukirudi kwetu, huwa tunajipongeza kwamba Kiswahili kimepona: herufi chache, q na x hatuzihitaji, kibodi ya Mwingereza inatutosha. Karibu. Mwulize mtu anayetafuta "ng'ombe" kwenye waraka ulioandikwa na kompyuta mbili tofauti. Ile alama ya ritifaa ina sura ya kusimama wima na sura ya kupinda, kwa macho ni moja, kwa mashine ni mbili, na utaambiwa ng'ombe hayumo wakati wamejaa zizi. Na waliokuwa wakikiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Lamu na Mombasa, hawajapata kibodi waliyokubaliana mpaka leo; herufi za p na ch zinaazimwa kutoka kibodi za Kiajemi na Kiurdu. Chuoni walifundishwa kusoma Kiarabu, na Kiswahili kila mshairi alikiandika kwa mkono wake na kwa kanuni zake. Mhandisi hawezi kuchonga vitufe vya tahajia ambayo hakuna darasa limeisimamia.

Lugha jirani zina hali ngumu zaidi. Chukua jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025. Lina mitego mitatu ya kibodi katika maneno matatu: ũ, ĩ na ng' ile ile yetu. Vile viwimbi si pambo. Ĩ na i katika Gĩkũyũ, yaani Kikikuyu, ni irabu mbili, kama e na i zilivyo mbili kwetu. Hata hivyo magazeti mengi huandika Ngugi, na mimi katika aya hii nimelinakili jina na kulibandika, sikulichapa.

Rafiki yangu mmoja wa Nairobi nilimwonyesha kwamba kibodi ya Gĩkũyũ ipo, bure, na kuipakua ni dakika mbili. Akanitazama kama namuuzia bima. "Kwani nani alinifunza kuziweka hizo? Nilisoma Gĩkũyũ hadi darasa la tatu, basi, ikawa Kiingereza na Kiswahili. Mathe nikimwandikia bila hivyo viwimbi ananielewa tu."

Nikamwomba aniandikie jina kamili la mama yake, kwa usahihi. Aliitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni, akaniomba kalamu. Akaandika polepole nyuma ya risiti. Juu ya u akaweka kiwimbi bila wasiwasi. Alipofika kwenye i kalamu ikasimama, na akaanza kulitamka jina la mama yake kwa sauti ya chini, akisikiliza.